Kitambulisho Si Zawadi

Hebu chukua vijana wawili wa hapa Eldoret. Wamezaliwa mtaa mmoja, wamesoma darasa moja, wote wametimiza miaka 18. Wanaenda pamoja kuomba kitambulisho. Wa kwanza anajaza fomu, anaweka alama za vidole, anaenda zake. Wa pili anaitwa Abdi. Yeye anaambiwa alete karatasi za babu yake, kisha asubiri kupigwa msasa na kamati. Kosa lake ni lipi? Jina tu.

Na bila kitambulisho Kenya hii utafanya nini? Benki hufungui akaunti. Laini ya simu husajili. Kura hupigi. Askari akikusimamisha usiku, Mungu akusaidie.

Februari 2025, akiwa Wajir, Rais Ruto alitangaza kwamba msasa huo umekwisha. Watu walishangilia, na mimi nilifurahi. Lakini nilipoona tunashukuru kama watu waliopewa sadaka, nikajiuliza: kwani Katiba inasemaje?

Kifungu cha 19 cha Katiba ya 2010 kinasema haki ni za kila mtu binafsi, na hazitolewi na Serikali. Kifungu cha 12 kinampa kila raia haki ya pasipoti na hati za usajili. Sasa kama si Serikali iliyotoa, tunashukuru nini? Tena kinachotolewa kwa tamko, kesho chaweza kuondolewa kwa tamko.

Wazee wetu walilijua hili. Wakati wa mkoloni, Mwafrika aliyefanya kazi kwenye mashamba ya walowezi hapa Uasin Gishu alivaa kipande shingoni, ndani ya kibati. Bila hicho alikamatwa. Kipande kilikuwa cha kumchunga mtu, si cha kumtambua kama raia. Msasa umeurithi moyo huo huo.

Wako watakaosema: ni usalama. Sawa, usalama tunautaka sote. Lakini mmoja wa waliowaua watu 148 Chuo Kikuu cha Garissa mwaka 2015 alikuwa Mkenya aliyesomea sheria, mtoto wa chifu. Msasa ungemzuia vipi? Mhalifu hutafutwa kwa matendo yake. Ukimtafuta kwa jina la babu, utawasumbua maelfu wasio na hatia na yeye atakupita.

Wala tusilitetee jambo hili kwa ajili yetu Waislamu peke yetu. Mwaka 2011, kamati ya Afrika ya haki za watoto iliamua kwamba Kenya ilikiuka haki za watoto wa Kinubi kwa kuwaacha bila uhakika wa uraia. Lakini Washona ni Wakristo, nao walikaa miongo hapa Kenya bila uraia hadi juzi tu. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji.

Basi ndugu yangu, dada yangu, mtoto wako akirudishwa nyumbani mikono mitupu, usibembeleze na usitoe kitu kidogo. Omba sababu kwa maandishi. Kifungu cha 47 kinakupa haki hiyo pale uamuzi wa ofisi unapokuumiza. Andika tarehe, weka nakala, tafuta wakili. Usiende kama mwombaji. Unaenda kuchukua kilicho chako.