Mlio wa Pampu Katika Gari la Urithi



Juma hili tumepokea barua ya dada yetu mmoja ambaye marehemu mumewe, Mwenyezi Mungu amrehemu, ameacha gari dogo la zamani aina ya Morris Minor. Eda imekwisha, na jamaa wamekubaliana gari liuzwe ili kila mrithi apate fungu lake. Mnunuzi amepatikana. Lakini alipozungusha ufunguo bila ya kuwasha injini, akasikia mlio, tik, tik, tik, usiokoma. Papo hapo akasema pampu ya petroli imekufa, na bei aliyoitaja mwanzo akaipunguza. Dada yetu anauliza kama maneno hayo ni ya kweli, kwa kuwa ndani ya bei hiyo mna haki ya mayatima.

Tumeona jibu lake litawafaa wengi, kwani magari ya aina hii yangaliko katika nyumba zetu, na wenye kuyarithi mara nyingi si wale waliokuwa wakiyafungua boneti.

Morris Minor ilianza kuuzwa Uingereza mwaka 1948, ikiwa kazi ya mhandisi Alec Issigonis, na iliendelea kuundwa hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Tangi lake liko nyuma, chini ya sakafu ya buti, na injini iko mbele. Basi petroli haina budi kuvutwa kutoka nyuma kwenda mbele, na kazi hiyo hufanywa na pampu ndogo ya umeme yenye jina la SU, iliyofungwa kwenye ukuta unaotenga injini na abiria.

Ndani ya pampu hiyo mna kiwambo kinachojongea mfano wa ngozi ya ngoma. Sumaku ya umeme hukivuta kiwambo, petroli ikaingia. Kiwambo kifikapo mwisho wa safari yake, pointi huachana, umeme hukatika, na springi hukisukuma kirudi, petroli ikaenda kwenye kabureta. Kila mzunguko hutoa mlio mmoja. Kwa hiyo pampu ya SU kulia si ugonjwa. Ndiyo sauti yake ya kazi. Linalotakiwa ni kujua inalia vipi na wakati gani.

Pampu iliyo nzima, ufunguo uzungushwapo baada ya gari kulala, hulia upesi upesi kwa muda mfupi, kisha hupunguza, kisha hunyamaza. Imenyamaza kwa sababu bakuli la kabureta limejaa: boya limepanda na kuisukuma sindano izibe njia, na petroli haina pa kwenda. Injini ikiwa inafanya kazi, mlio hurejea mara moja moja, kwa kadiri petroli inavyotumika.

Ikilia mbio bila ya kupumzika, na gari likawa linakwamakwama, tazama kwanza kama tangi lina petroli. Ikiwa imo, basi pampu inavuta hewa: kuna mpira uliopasuka au kiungo kilicholegea baina ya tangi na pampu.

Ikilia polepole, mlio mmoja kila baada ya sekunde chache, ilhali injini imezimwa na ufunguo umewashwa, maana yake ni kuwa petroli inaponyoka mahali. Huenda sindano ya kabureta haizibi sawasawa, au boya limetoboka na kuzama. Au vali za pampu yenyewe zimechoka na petroli inarudi nyuma. Kuzitenga sababu hizi si vigumu. Tazama bomba jembamba la kumwagia ziada kwenye kabureta. Likiwa na majimaji ya petroli, ila iko kwenye kabureta. Likiwa kavu, na viungo vyote vikiwa vikavu, hapo ndipo pampu ishukiwe.

Dada yetu ametuandikia kwamba mlio husikika kila sekunde 3 au 4, na kwamba kuna harufu kali ya petroli kila gari lisimamapo. Dalili ya mvua ni mawingu. Pampu isukumayo petroli hadi ikafurika haijafa. Inayoshukiwa hapa ni sindano au boya, na mara nyingi chembe ya kutu kutoka tangi lililozeeka yatosha kuizuia sindano isifunge. Amwite fundi mwaminifu afungue kifuniko cha kabureta, aisafishe au aibadilishe sindano na kikalio chake, na alitikise boya sikioni: likisikika maji ndani, halifai tena. Ni kazi ndogo kuliko kununua pampu mpya.

Hata hivyo, jambo hili lisingoje. Katika gari hili bomba la moshi limepita chini ya kabureta, na petroli idondokayo juu ya chuma cha moto ni hatari kubwa. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, nao hutambaa chini na kukaa mabondeni na pembeni. Mpaka litengenezwe, gari lisiwashwe, lisilazwe karibu na jiko wala chetezo, na watoto wasichezee ndani yake.

Limebaki neno la biashara. Ikiwa fundi atathibitisha ila hiyo ndogo, warithi wana haki ya kuikataa bei iliyopunguzwa kwa madai ya pampu nzima. Lakini kipimo ni kimoja kwa pande zote mbili. Ikiwa wataliuza kabla ya kulitengeneza, wamwambie mnunuzi waziwazi kuwa kabureta inavuja. Na ikiwa uchunguzi utaonyesha ni pampu kweli, wakubali kuwa alisema haki. Mali ya yatima hailindwi kwa kunyamazia aibu ya bidhaa. Hulindwa kwa kuijua aibu hiyo barabara, kuitaja kwa kipimo chake, na kuikataa ile isiyokuwapo.

Wabillahi taufiq.