SHA ipime mfuko wa kijana, si kuta za nyumba

Hebu fikiria uko hivi. Unakaa bedsita Pipeline, Embakasi. Nyumba ni ya mawe, sakafu ina taili, stima ipo. Kodi ya mwezi huu hujamaliza, na kibarua ulichopata wiki jana kilikuwa cha siku mbili tu. Unashika simu kujisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA). Unaulizwa kuta zimejengwa kwa nini, maji unatoa wapi, choo ni cha aina gani. Unajibu ukweli. Mwishowe unaletewa kiasi cha kulipa kwa mwaka, na unabaki kushika kichwa.

Tangu SHA ichukue nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 1, 2024, aliyeajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake. Asiye na mshahara hukadiriwa mapato kwa maswali kama hayo. Kiwango cha chini ni Sh300 kwa mwezi, lakini hasla anatakiwa kulipa ya mwaka mzima kwa mpigo. Kwa hivyo, hata aliyepangiwa kiwango cha chini kabisa anahitaji Sh3,600 mkononi.

Nia yenyewe si mbaya. Enzi za NHIF, mama mboga na mwenye duka kubwa wote walilipa Sh500 kwa mwezi. Ni haki asiyenacho alipe kidogo na mwenye nacho alipe zaidi. Shida ni kipimo. Taili na stima ni mali ya landilodi, si yako. Ukikosa kodi miezi miwili, utazitazama ukiwa nje ya geti.

Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya 2023 inaitaka serikali iwalipie wasiojiweza. Lakini tukitaja wasiojiweza, nani humfikiria kijana wa miaka 24 mwenye nguvu zake na asiye na kazi? Tunawaza wazee na yatima. Yeye huambiwa atafute.

Ndiyo maana wengi wenu mnaamua kuachana na mambo haya. "Mimi ni mzima, nitalipa nikiugua." Halafu siku moja boda boda inagongwa, rafiki analazwa, na kufikia jioni mko kwenye grupu ya WhatsApp mkichangisha. Mnajua jinsi inavyokuwa: mia mbili hapa, hamsini pale, na bili inazidi kupanda. Bima ni ya siku kama hiyo, na siku hiyo haitangazi inakuja.

Kwa hivyo SHA irekebishe mambo matatu. Kwanza, maswali yaguse kodi unayolipa, siku unazopata kazi na madeni uliyo nayo. Pili, hasla aruhusiwe kulipa kila wiki au kila mwezi, jinsi anavyopata. Mpango wa Lipa SHA Pole Pole upo, lakini huo ni mkopo, na kijana wa mtaani tayari ana mikopo ya kutosha kwenye simu. Tatu, aliyekadiriwa vibaya apate njia rahisi ya kupimwa upya, na ajibiwe haraka.

Nawe usikae tu ukingoja. Piga *147# ujisajili leo. Usajili pekee unakufungulia huduma za msingi katika zahanati na vituo vya afya bila malipo. Jibu maswali kwa ukweli. Ukiona kiasi ulichopangiwa hakilingani na maisha yako, hifadhi ujumbe huo na uende ofisi ya SHA au Huduma Centre ulalamike. Malalamiko ya mtu mmoja ni rahisi kupuuzwa. Ya vijana wa Pipeline nzima yatasikika.