Ukurasa wa Nyumbani: Pasi ya Nywele na Namna ya Kuichagua

Katika mambo ambayo akina mama na mabinti huyauliza mara kwa mara ni hili la kunyoosha nywele: chombo kipi ni bora, na dawa ipi ina usalama? Wako wanaolicheka swali hili na kuliona kuwa ni upuuzi usiostahili nafasi katika gazeti. Sisi hatulioni hivyo. Pambo la mwanamke nyumbani mwake ni jambo lililoruhusiwa, na kuzitunza nywele ni katika adabu tulizofundishwa. Tena swali lenyewe lagusa fedha za nyumba, na afya ya mama, na kichwa cha mtoto mdogo ambaye hakuulizwa apendalo. Kwa hiyo leo twataka kulieleza kwa utaratibu.

Kwanza yafaa tukijue kile tunachotaka kukinyoosha. Unywele wa singa hutoka katika ngozi ukiwa umenyooka na wa mviringo. Unywele wa kipilipili hutoka katika kitundu kilichopinda, na wenyewe ni bapa kidogo. Kwa ajili ya kupinda huko, mafuta yatokayo katika ngozi ya kichwa hayashuki kwa wepesi mpaka nchani. Basi nywele hukauka, husimama, na zikichanwa kwa nguvu hukatika. Nywele nyingi ziitwazo sumbufu hazina ugonjwa wowote. Zina kiu tu. Mama azipaye maji na mafuta ya nazi, akazichana taratibu kwa shanuo la meno mapana zingali na unyevu, aghalabu huona sehemu kubwa ya usumbufu imeondoka kabla hajatoa hata shilingi moja dukani.

Ama njia za kunyoosha ni mbili: moto na dawa. Moto hulegeza vifungo vyepesi vilivyomo ndani ya unywele, na vifungo hivyo hurejea mara vipatapo unyevu. Ndiyo sababu nywele zilizopigwa pasi asubuhi Unguja au Mombasa wakati wa masika huwa zimekwisha kuanza kujikunja kabla ya alasiri. Dawa kali hufanya kazi nyingine: hukata vifungo vikuu, vile vya salfa, ambavyo havirejei tena. Nywele zilizotiwa dawa hubaki hivyo mpaka zikatwe, lakini zile mpya huota kwa umbo lake la asili. Kwa hiyo mwenye kutia dawa mara moja hujikuta amejifunga kuirudia kila baada ya miezi michache.

Moto si jambo jipya. Mwaka 1872, katika mji wa Paris, Marcel Grateau alianza kutumia koleo la moto kuzitia nywele mawimbi. Mwanzoni mwa karne ya 20 huko Marekani, Madam C. J. Walker (1867–1919), ambaye wazazi wake walikuwa wamefanywa watumwa, aliuza mafuta ya nywele na akasaidia kueneza kitana cha moto miongoni mwa wanawake weusi, akapata utajiri mkubwa. Vitana hivyo vilipashwa jikoni, na mtumiaji hakuwa na njia ya kuujua ukali wa joto lake ila kwa kukisia. Hapo ndipo ilipo fadhila ya pasi ya umeme: joto lake laweza kupimwa na kuzuiliwa. Pasi isiyokuonyesha joto lake imepungukiwa na fadhila hiyo, hata ikiwa inang'aa namna gani.

Basi anayekwenda dukani na atazame mambo matano.

La kwanza ni joto. Chagua pasi yenye kuonyesha nambari za joto na kukuwezesha kuzipunguza. Nywele nyembamba, au zilizotiwa rangi, zisivuke nyuzi 150 za Selsiasi. Nywele za kawaida hutosheka na kati ya 150 na 180. Nywele nene za kipilipili huhitaji zaidi, lakini hata hizo twashauri zisipite 200. Ziko pasi zifikazo 230, na wauzaji hulisifu jambo hilo kana kwamba ni ubora. Kumbe joto la namna hiyo huiunguza keratini, nayo ndiyo kitu chenyewe kiufanyacho unywele.

La pili ni sahani zake. Zilizo za seramiki hueneza joto sawasawa. Za titani hupata moto upesi na hufaa mkono uliozoea. Za chuma kilichopakwa rangi huchubuka, na palipochubuka hukwaruza na kuunguza. Pitisha kidole pasi ikiwa baridi. Ukiona mahali penye kukwaruza, iache.

La tatu ni upana. Kwa nywele fupi sahani ya sentimita 2 au 3 yatosha, kwani hufika karibu na shina bila ya kugusa ngozi. Kwa nywele ndefu na nene, ya sentimita 4 au 5 hupunguza kazi.

La nne ni umeme. Wengi wetu tuna jamaa Marekani, ambako umeme ni wa volti 120, hali wetu ni wa volti 230 au 240. Pasi iliyoandikwa 120 peke yake ikichomekwa hapa huungua, na huenda ikaunguza nyumba. Ile iliyoandikwa 100–240 haina neno.

La tano ni kujizima yenyewe. Umeme hukatika pasi ikiwa juu ya godoro, binti akatoka na kusahau. Umeme hurudi nyumbani pakiwa hapana mtu. Pasi ijizimayo baada ya muda ni kinga, lakini kinga iliyo bora ni kuchomoa waya kila mara.

Kuwa na pasi njema hakutoshi ikiwa matumizi ni mabaya. Nywele zioshwe, kisha zikaushwe kabisa. Pasi ikigusa unywele wenye maji, maji yale huchemka ndani yake na kufanya mapovu, na unywele hukatika hapo hapo. Usipake mafuta mengi kabla ya kupiga pasi, kwa kuwa mafuta ya moto hushukia ngozini. Gawa nywele mafungu madogo, upitishe pasi mara moja polepole, wala usirudie rudie. Mwenye kufanya hivi mara moja kwa juma, au kwa sikukuu na arusi tu, nywele zake zitamshukuru. Afanyaye kila siku atakuja kulalamika kwamba haziongezeki urefu.

Sasa tuseme juu ya dawa, na hapa ndipo penye hatari iliyo kubwa zaidi. Nyingi katika dawa hizi zimejengwa juu ya kostiki, ile ile ipikiwayo sabuni. Ikikaa kichwani kupita muda wake huunguza ngozi na kuacha kovu pasipoota nywele tena, na ikiingia jichoni yaweza kupofusha. Wala usidanganyike na kopo liandikwalo kwamba halina kostiki. Mara nyingi mna alkali nyingine iliyo kali nayo. Ziko pia dawa zipakwazo kisha zikapigwa pasi, ziitwazo za keratini. Baadhi yake hutoa formaldehaidi, ambayo maji yake ndiyo formalini ihifadhiayo maiti. Mwaka 2004 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka formaldehaidi katika orodha ya vitu visababishavyo saratani kwa binadamu. Nyingine zimetiwa asidi ya glaioksiliki badala yake. Mwaka 2024 madaktari walieleza, katika jarida la New England Journal of Medicine, habari za mwanamke wa miaka 26 ambaye figo zake zilidhurika mara tatu, mwaka 2020, 2021 na 2022, kila mara baada ya kunyooshwa nywele kwa dawa ya namna hiyo.

Mwaka 2022 huko Marekani ulitolewa uchunguzi wa wanawake 33,497 waliofuatwa kwa karibu miaka 11. Katika muda huo 378 walipata saratani ya mji wa mimba. Kwa wanawake wasiotumia kabisa bidhaa za kunyoosha nywele, wachunguzi walikadiria kwamba 1.64 kwa mia wangeipata kabla ya kufika miaka 70. Kwa wale waliozitumia zaidi ya mara nne kwa mwaka, 4.05 kwa mia. Uchunguzi wa namna hii hauthibitishi kuwa dawa ndiyo sababu, na walio wengi hawakuugua. Walakini mwenye akili akiona moshi hangoji mpaka aone moto.

Liko pia jambo la ibada. Nywele kunyooshwa hakuzuii maji kufika, na udhu na josho vyasihi. Lililo baya ni la mwanamke ambaye josho limempasa, akaliahirisha na sala ikampita kwa kuogopa kupoteza fedha alizompa msusi. Pambo likikuzuia kujitoharisha limekuwa mzigo, na kheri ni kuliacha.

Mwisho twasema na akina mama juu ya watoto. Msitie dawa vichwa vya wasichana wadogo. Ngozi yao ni laini, na miaka iliyo mbele yao ni mingi. Wasukeni, wapakeni mafuta, na mchunge ndimi zenu. Mtoto aambiwaye kila asubuhi kwamba nywele zake ni mbaya hukua akiamini kwamba Muumba wake alimpunja, na imani hiyo haiondolewi kwa pasi wala kwa dawa. Binti aliyefundishwa kuwa nywele zake ni neema akija kununua pasi ataitumia kwa kiasi, kwa kuwa hakuna aibu anayoikimbia. Nanyi akina baba, msiwasifu binti za watu kwa nywele za singa mbele ya binti zenu, kisha mkashangaa kuona fedha za nyumba zinaishia saluni.

Mwenyezi Mungu atujaalie kupamba tabia zetu kabla ya vichwa vyetu. Wa billahi ttawfiq.