Bundi hajaleta msiba, amefuata panya

Wiki jana soja wa ploti yetu aliua bundi kwa jiwe na watu wakampigia makofi. Mama mmoja akasema sasa tutalala, maana huyo ndege alikuwa anaita kifo. Nikateremka kumwona. Manze, sijawahi kuona ndege mrembo hivyo.

Uso mweupe wenye umbo la moyo, kama kopa la karata. Macho meusi tii. Mgongo rangi ya dhahabu na kijivu. Na huo uso si urembo tu, unafanya kazi kama dishi la TV: unakusanya sauti na kuipeleka masikioni. Sikio la kushoto liko juu kuliko la kulia, kwa hivyo sauti haiyafikii sawasawa, na kwa tofauti hiyo anajua panya yuko wapi hata kwa giza totoro. Manyoya ya mabawa yana kingo kama kitana, akiruka husikii kitu.

Sasa fikiria stima zimepotea, kitu cheupe kinapita juu ya mabati kimya, halafu kinapiga yowe kama mtu ananyongwa. Hata mimi ningekimbia! Shosho wangu simcheki.

Lakini hii stori ya kifo, hebu tuiangalie. Bundi huwa nje karibu kila usiku. Wewe humsikii kwa sababu umelala. Nyumba yenye mgonjwa ndiyo watu wanakesha, ndiyo wanamsikia. Mgonjwa akifa, lawama ni za ndege.

Na kwa nini anakaa karibu na sisi? Takataka zetu zinafuga panya. Kwa grupu ya ploti kila siku ni kilio: panya amekula unga, panya ametafuna waya wa intaneti. Bundi anameza panya mzima mzima, kadhaa kwa usiku, halafu anatema donge la mifupa na manyoya. Bure kabisa. Sisi tunamuua, kisha tunanunua sumu. Na kuna sumu haziui papo hapo: panya anazubaa, bundi mwingine anamdaka, naye anakufa.

Jana usiku nimesikia kitu kinakoroma darini, karibu na tangi. Vifaranga vya bundi huomba chakula hivyo. Saa nane mzazi aliyebaki akapita na panya mdomoni.

Soja bado sijamwambia.