Birere: banki zikifungwa, feza inalala wapi?

GOMA – Zamani, muuzishaji wa Birere aliyefunga duka mangaribi alijiuliza: leo feza imeingia ngapi? Sasa kuna swali la pili, na ndilo linalokosesha watu usingizi: hiyo feza italala wapi?

Tangu AFC/M23 ishike mji wa Goma mwishoni mwa Januari 2025, banki zilifunga milango, uwanja wa ndege pia. CADECO ilifunguliwa tena mwezi wa 4 mwaka huo chini ya utawala mupya, lakini Kinshasa haikuitambua. Kwa hiyo franka mpya haziingii kama zamani. Zile zinazozunguka zinachakaa tu, na kila siku kuna mabishano juu ya noti iliyopasuka kidogo. Mama wa mboga anaikataa, si kwa kiburi, ni kwa sababu anajua mwenye depo naye ataikataa.

Wengi wanasema shida ya biashara ni wateja kupungua. Ni kweli. Lakini hapa Birere hatari kubwa inaanza baada ya kuuzisha.

Feza ikibaki nyumbani, kuna wezi wenye silaha. Ikiwekwa kwenye simu, M-Pesa au Airtel Money, iko salama, ila kuitoa ni bei. Tuseme mutu anatoa dola 100 na wakala anachukua 4. Kwa muuzishaji wa mchele au sukari, hizo 4 zinaweza kuwa karibu faida yote ya mzigo ule. Amemfanyia wakala kazi siku nzima. Njia ya tatu ni kuvuka petite barrière na kuiweka Gisenyi, dakika chache kwa miguu. Hiyo nayo ina shida yake: mupaka unaweza kufungwa. Wauzishaji hawajasahau mwezi wa 3 mwaka 2020, Covid ilipofunga njia na mapito ya kila siku yakakatika kwa miezi. Mutu anaweza kuwa na mtaji mzima ng'ambo na nyumbani hana ya chakula.

Inabaki njia ya nne: feza isilale, igeuke mzigo siku ile ile. Hii inaonekana ndiyo akili zaidi, lakini haifai kwa kila bidhaa. Nyanya zinaoza. Hata mzigo usiooza unafuata mwendo wa dola. Mwaka 2025 franka ilipanda thamani mbele ya dola. Aliyekopa mzigo kwa franka wakati dola ilikuwa juu, halafu bei ikashuka kabla hajamaliza kuuzisha, deni lake lilibaki vile vile.

Ndiyo maana dawa ya Birere ni ndogo ndogo, ile watu wanaita kadogo. Gunia linafunguliwa, linauzishwa kwa kopo. Mafuta kwa kipimo cha mboga ya jioni moja. Mutu wa nje anaweza kudhani huo ni umasikini tu, lakini kuna hesabu ndani. Faida ya dola 2 inayokuja mara tatu kwa wiki ni dola 24 kwa wiki nne. Ile ya dola 10 inayongojewa mwezi mzima inabaki 10, tena mzigo wote uko hatarini muda huo wote. Anayezungusha haraka, siku mambo yakiharibika anapoteza kipande, si duka.

Likelemba nayo inafaa kufuata hesabu hiyo. Kundi la watu ishirini wanaotoa kwa mwezi ni mzunguko mrefu mno kwa mji ambao mutu anaweza kukimbia kabla ya zamu ya mwenzake. Watu sita wanaotoa kila siku, wanaofahamiana meza kwa meza, hata mmoja akianguka hasara inabebeka.

Watu hupenda kusema biashara inahitaji moyo, na Birere inasifiwa kwa huo. Nyiragongo ilipolipuka tarehe 17 Januari 2002 na moto wake kupita katikati ya mji, wakaaji walianza kurudi baada ya siku chache, mawe yakiwa bado ya moto. Ila sifa hiyo haihesabu wale ambao hawakurudi kwenye meza zao. Kuthubutu si jambo moja kwa wote. Mwenye depo huku na nyingine Gisenyi anaweza kungojea bei. Mama mwenye beseni, mtaji wake ndio minervale ya watoto na ndio bugali ya usiku. Akikosea mara moja, hana mzigo wa pili.

Mama huyo hana banki ya kumkopesha. Aliye naye ni mwenye depo anayempa mzigo asubuhi na kungojea malipo mangaribi. Na mwenye depo huyo, yeye pia feza yake haina fasi ya kulala.