Magugu, Mkonge na Kichaka cha Kigombe



Wapendwa wasomaji wetu, Injili ya ngano na magugu, tunayoisoma katika Dominika ya 16 ya Mwaka A, tumezoea kuihubiri kwa kuitazama mioyo ya watu: nani ngano, nani gugu, na kwa nini Bwana wa shamba hana haraka ya kung'oa. Wiki hii tunaomba ruhusa ya kuisoma kama ilivyo, yaani kama habari ya shamba. Sababu yake ni swali tuliloulizwa Kigombe.

Baada ya Misa kijana mmoja wa jumuiya alitusimamisha chini ya mwarobaini. Ni kijana msomi kiasi, na alikuwa amesoma kwamba siku hizi wataalamu wanazungumza juu ya mifumo mipya ya ikolojia, yaani makundi ya mimea na wanyama ambayo hayakuwahi kuishi pamoja kabla ya mkono wa mwanadamu kuyakutanisha. Kisha akaleta hoja yake. "Padre, kile kichaka kwenye shamba la zamani la mkonge si msitu alioupanda Mungu. Ni mabaki ya Wajerumani na Waingereza. Wataalamu wenyewe wanasema asili ya zamani hairudi. Tukikata tukachoma mkaa, tutakuwa tumeharibu kitu gani?"

Tulimjibu kwa maneno mawili matatu ya jumla, maana chakula kilikuwa tayari na wazee walikuwa wanatungoja. Halikuwa jibu zuri. Njiani kurudi lilitusumbua, na leo tunajaribu tena.

Kwanza tumtendee haki: hoja yake haikutoka hewani. Mwaka 2006 mtaalamu wa ikolojia Richard Hobbs na wenzake walichapisha makala wakieleza kwamba sehemu nyingi za dunia zimekwisha kuvuka mpaka ambao haziwezi tena kurudishwa katika hali ya awali, na kwamba ni afadhali kujifunza kuzitunza zilivyo kuliko kuzililia. Mwaka 2013 walilieneza wazo hilo katika kitabu kizima. Kule Puerto Rico, Ariel Lugo alikuwa amechunguza misitu iliyoota katika mashamba yaliyoachwa, akaona kwamba miti ya kigeni huweza kutangulia, ikatia kivuli, na chini yake miti ya wenyeji ikachipua. Si jambo la kudharau.

Aidha, ni nani anayeishi pwani yetu akapinga kwamba tumezungukwa na mchanganyiko? Mwembe ulitoka Asia. Mkorosho ulivuka bahari kutoka Brazili, na muhogo wetu, ambao bila huo Kwaresima ya watu wengi ingekuwa ndefu zaidi, una asili ya Amerika ya Kusini. Hata huo mwarobaini tuliosimama chini yake asili yake ni upande wa India. Kunguru aliyekuwa akipiga kelele juu yetu naye ni mgeni: aliletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 ili ale takataka, akaona ni vema abaki, na tangu hapo ndege wadogo wa miji yetu hawana amani na mayai yao.

Lakini mgeni mkubwa wa Kigombe ni mkonge. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche elfu moja kutoka Florida. Ilipopitia Hamburg mingi ilikwisha kufa, na iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62 tu, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Kutokana na miche 62! Kufikia mwaka 1964 nchi yetu ilikuwa ikitoa tani 230,000 hivi za katani kwa mwaka. Ili hayo yatokee, msitu wa pwani ulifyekwa mistari kwa mistari. Kisha nyuzi za viwandani zikaja, bei ikaanguka, mashamba mengi yakaachwa, na hapo ndipo kichaka cha kijana wetu kilipozaliwa: mkonge uliozeeka, mkwaju, mbuyu ulionusurika, mwarobaini uliopandwa na ndege, na miti mingine ambayo vijana hawana tena majina yake.

Hapa tunapenda kuweka tahadhari. Tunaposema "mgeni" juu ya mmea, yeyote asije akalipeleka neno hilo kwa mtu. Mkonge haukuja peke yake. Ulileta manamba, watu walioandikishwa kwa namba kutoka Songea, Kigoma, Burundi na ng'ambo ya Ruvuma, na wengi wa waamini wetu wa vigango vya mashambani ni wajukuu wao. Hao si magugu ya mtu. Ni wana wa Kigombe sawasawa na Msegeju, Mdigo na Mbondei, na makaburi ya babu zao yako hapa.

Basi turudi kwenye hoja. Wilaya yetu ya Muheza ina mguu mmoja baharini, pale Kigombe, na mwingine mlimani, Amani. Huko Amani Wajerumani walianzisha taasisi yao ya utafiti mwaka 1902, wakapanda mamia ya aina za miti kutoka pande zote za dunia. Mingi ilikaa mahali ilipopandwa kama mtoto mtiifu. Mingine ilitembea. Mti unaoitwa mhesi, ambao kwao ni Uganda na upande wetu wa Ziwa, ulipata bahati pale misitu ya Usambara Mashariki ilipovunwa kwa misumeno hadi miaka ya 1980. Mhesi ni mti wa jua, hupenda pengo. Hondohondo walikula matunda yake wakazitawanya mbegu, na kila gogo kubwa lilipoanguka, yeye alikuwa wa kwanza kuinuka. Wataalamu wamebishana miaka mingi kama utaumeza msitu wote au utarudi nyuma kivuli kitakapofunga. Jambo moja halina ubishi: haung'oleki tena wote. Hapo kijana wetu anasema kweli, na Injili nayo inatukumbusha kwamba mwenye pupa ya kung'oa huondoka na ngano pia.

Ila tuangalie amelichukua neno hilo kulipeleka wapi. Kukubali kwamba kitu hakirudi si sawa na kusema kwamba hakuna kilichopotea, wala si ruhusa ya kupoteza kilichobaki. Mwaka 2014 Carolina Murcia na wenzake waliliandikia upinzani wazo hili la mifumo mipya. Waliuliza mpaka huo usiovukika unapimwaje, na wakaonya kwamba wazo lenyewe laweza kuwa kisingizio cha kuacha kukarabati. Sisi si wanasayansi, lakini onyo hilo tunalitambua mara moja, kwa maana tunalisikia kitubioni. Kuna mtu anayekuja kuomba ondoleo huku amekwisha kuamua kwamba, kwa kuwa yaliyopita hayabadiliki, hana la kulipa. Mama Kanisa hafundishi hivyo. Dhambi husamehewa, lakini madhara yake hubaki duniani, na anayesamehewa hupewa malipizi. Aliyeiba mbuzi haambiwi kwamba sasa ana zizi la aina mpya.

Malipizi hayo hugharimu, na taifa letu linajua. Mnamkumbuka chura wa Kihansi. Aligunduliwa mwaka 1996 katika manyunyu ya maporomoko kule Udzungwa, na hakuwapo mahali pengine popote duniani. Mwaka 2000 maji yakachepushwa kwa ajili ya umeme, umeme ambao hata sisi tunautumia kuandika tafakari hizi. Miaka michache baadaye alikuwa ametoweka porini, na mwaka 2009 hilo likatangazwa rasmi. Aliokolewa kwa sababu mia chache walikuwa wametangulizwa Marekani wakafugwa huko, na tangu mwaka 2012 wamekuwa wakirudishwa bondeni, ambako manyunyu sasa hutoka kwenye mabomba. Huo ndio mfumo mpya kwa maana kamili: ukifunga koki, umeufunga. Tunawashukuru waliofanya kazi hiyo. Lakini asituambie mtu kwamba bonde la mabomba ni sawa na bonde la maporomoko.

Mfano mwingine uko karibu zaidi. Mwaka uleule wa 1893 mkonge ulipoingia, ua dogo la zambarau kutoka mapango na milima yetu ya Tanga lilipewa jina la kisayansi huko Ujerumani, baada ya mtawala wa hapa, Walter von Saint Paul-Illaire, kupeleka mbegu nyumbani. Wajerumani huliita urujuani wa Usambara hadi leo. Limejaa kwenye madirisha ya Ulaya kwa mamilioni, katika rangi ambazo halikuwahi kuwa nazo. Na huku kwetu jamaa zake kadhaa wa porini wamebaki kwenye miamba michache yenye kivuli, na kivuli kikikatwa wanakufa. Je, ua hilo ni wengi au ni wachache? Anayehesabu vyungu atasema ni wengi.

Sasa tuteremke hadi baharini, maana watu wa Kigombe ni wavuvi kabla ya kuwa wachoma mkaa. Silikanti, samaki aliyedhaniwa kutoweka tangu enzi za dinosaria hadi alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938, alianza kuonekana katika nyavu za jarife za wavuvi wa Tanga mwaka 2004, na Kigombe ikajulikana duniani kwa ajili yake. Mwaka 2009 serikali ilianzisha Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga. Mwaka 2011 uchunguzi wa vinasaba ulionyesha kwamba hawa wa kwetu ni kundi la pekee, tofauti na wale wa Komoro. Tena mwaka 2021 watafiti waliosoma magamba yake walikadiria kwamba huweza kuishi karibu miaka 100, hazai hadi afikie umri wa miaka 50 hivi, na mimba yake huchukua miaka 5. Sara mke wa Abrahamu angemwelewa samaki huyu. Jarife likimtoa mmoja leo, wa kuziba nafasi yake alipaswa kuwa amezaliwa nusu karne hivi iliyopita. Hakuna mfumo mpya utakaotutengenezea mwingine.

Kwa hiyo kwa kijana wetu tunasema hivi. Kichaka kile ni mchanganyiko, ni kweli, na hatumtaki mtu akifyeke mkonge wa zamani kwa kutafuta usafi wa mwaka 1892. Lakini kimo ndani ya ukanda wa misitu ya pwani ambao dunia nzima inautambua kwa wingi wa viumbe wasiopatikana kwingine, na mbegu za msitu ule zimejificha mumo humo, zikitumia kivuli cha mgeni. Hayati Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alitufundisha kwamba viumbe vina thamani yao mbele ya Mungu hata pale visipotufaa kitu. Hakusema vile vyenye cheti cha kuzaliwa tu. Tunajua pia kwamba mkaa ni ada ya shule na ni dawa, na mwenye njaa hahubiriwi ikolojia. Ndiyo maana tumemwomba tukatazame pamoja ni matawi ya mwarobaini yapi yanaweza kukatwa bila kugusa kingine.

Tumekubaliana iwe Jumamosi asubuhi. Atakuwapo jirani yake, mzee wetu mmoja Mwislamu aliyekata mkonge ujanani mwake, anayeijua miti ile kwa majina ya Kisegeju na Kibondei. Kijana ataleta daftari. Shoka tumeomba libaki nyumbani kwa siku hiyo.