Bunduki kwa Kiswahili, Mabati kwa Kiingereza

Julai 2021 jeshi la Uganda lilipoanza awamu mpya ya kukusanya silaha haramu Karamoja, operesheni hiyo ilipewa jina la Kiswahili: Usalama kwa Wote. Kiswahili ni lugha ya jeshi letu tangu zamani, na wakati wa kudai bunduki kilionekana kinafaa. Haikupita miaka miwili, mabati yaliyonunuliwa kwa ajili ya watu wa Karamoja hiyo hiyo yakagawiwa wakubwa, na baadhi yake yakakutwa yameezekea mabanda ya mifugo mbali kabisa na Karamoja. Hesabu za mabati hayo zilikuwa katika mafaili ya Kiingereza, Kampala. Mwananchi aliambiwa waziwazi anatakiwa kutoa nini. Hakuambiwa anatakiwa kupokea nini.

Dai la insha hii ni moja. Programu za kutuliza jamii zilizotikiswa na vita na uvamizi hazishindwi kwa kukosa mifumo ya ufuatiliaji na tathmini. Mifumo ipo, maofisa wapo, semina zinafanyika, ripoti zinajaa makabati. Zinashindwa kwa sababu mifumo hiyo humjibu mfadhili na wizara, haimjibu mlengwa. Na programu isiyomjibu mlengwa haiwezi kujifunza, kwa kuwa anayejua kosa liko wapi ndiye asiyeulizwa.

Tuanze na jambo linalotuhusu sisi wa Nagongera. Mwaka 2007 serikali ilizindua Mpango wa Amani, Kufufua na Maendeleo wa Kaskazini mwa Uganda, unaojulikana zaidi kwa kifupi chake, PRDP. Ingawa jina lilitaja kaskazini, wilaya za Bukedi, zikiwemo Tororo na Busia, zilikuwa ndani yake. Mwaka 2012 Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali alitoa ripoti iliyoonyesha kwamba mabilioni ya shilingi ya mpango huo, yaliyotolewa na Norwei, Denmaki, Uswidi na Ayalandi, yalikuwa yamechepushwa ndani ya Ofisi ya Waziri Mkuu. Wafadhili wakasimamisha misaada. Mhasibu mkuu wa ofisi hiyo akapatikana na hatia mwaka 2013, akafungwa.

Sasa tazama ni nani aliyejibiwa. Mapema mwaka 2013 Uganda iliirudishia Ayalandi yuro milioni 4. Yaani uwajibikaji ulifanya kazi, tena haraka: Dublin ililalamika, Dublin ikalipwa. Je, mkulima wa mihogo wa Nagongera alijibiwa nini? Mpango ulikuwa kwa jina lake. Fedha ziliibwa kwa jina lake. Zilirudishwa kutoka katika hazina anayoijaza yeye kwa kodi ya sabuni na mafuta ya taa. Kila mahali jina lake lilitumika, ila pale tu lilipotakiwa kuandikwa kwenye bahasha ya jibu.

Wahenga walisema kutenda kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Basi turejee kwenye mabati. Aprili 2023 mawaziri 3 walifikishwa mbele ya Mahakama ya Kupambana na Ufisadi kwa sababu ya mabati ya Karamoja, na miaka miwili baadaye mmoja wao alihukumiwa kifungo cha miaka 4. Mabati hayo yalikuwa chini ya ofisi gani? Ofisi ya Waziri Mkuu, ile ile ya mwaka 2012. Ofisi hii si ofisi maskini ya kijijini isiyojua tathmini ni nini. Ndiyo ofisi iliyokabidhiwa kazi ya kufuatilia na kutathmini utendaji wa serikali nzima. Mwalimu wa tathmini wa taifa alifeli mtihani ule ule mara mbili, na katikati yake kuna miaka 11 ya kujifunza.

Na mabati yale yalitambuliwaje? Yalikuwa yamepigwa alama ya Ofisi ya Waziri Mkuu. Alama ile ilisomeka na kila mwenye macho: mwandishi wa habari, jirani, mpita njia. Chombo kilichosaidia kuwaumbua wakubwa kilikuwa maandishi machache juu ya bati, yaliyowekwa pale ambapo watu wanaona. Fikiria ingekuwaje kama si jina la ofisi pekee lililosomeka na watu, bali pia idadi ya mabati ya kila parishi ya Karamoja, tarehe ya kufika na mahali pa kupokelea. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Mkaguzi wa Kampala hufika nyoka akishauma. Mwanakijiji yuko pale tangu nyoka akiwa nyasini.

Hili si jambo la kuagiza kutoka ng'ambo. Uganda yenyewe ililigundua zamani. Kati ya mwaka 1991 na 1995 shule zetu za msingi zilipokea kwa wastani asilimia 13 tu ya ruzuku zilizotengewa kwa ajili ya matumizi yasiyo mishahara. Zilizobaki ziliishia njiani, wilayani. Baada ya hapo serikali ikaanza kutangaza magazetini kiasi kilichotumwa kila wilaya, na shule zikatakiwa kubandika ukutani kiasi zilichopokea. Kufikia mwaka 2001 zaidi ya asilimia 80 ilikuwa inafika shuleni. Uganda ikatajwa katika vitabu vya uchumi duniani kote kuwa mfano wa kuigwa. Sisi wenyewe tukaufunga ukurasa huo na kurudi kwenye mafaili.

Wapo wachumi waliosema baadaye kwamba sifa zote zisipewe magazeti, kwa kuwa katika miaka hiyo hiyo serikali ilibadilisha pia namna ya kutuma na kusimamia fedha hizo. Ninakubaliana nao, na hoja yao hainivunji, inanipa nguvu. Tangazo peke yake ni habari tu. Linakuwa uwajibikaji pale ambapo aliyelisoma anaweza kuuliza, na aliyeulizwa analazimika kujibu. Masikio yetu husikia neno "jibu" ndani ya "kuwajibika". Asili zake za Kiarabu ni mbili tofauti, lakini masikio hayakukosea maana.

Hapo ndipo tunapofika kwenye baraza. Mwaka 2009 serikali yetu ilianzisha mikutano ya wananchi katika ngazi ya gombolola ili maofisa waeleze walivyotumia fedha na wananchi waulize. Mikutano hiyo ikaitwa kwa neno la Kiswahili, Baraza, na msimamizi wake ni ile ile Ofisi ya Waziri Mkuu. Kwa hiyo dawa ilikuwa mikononi mwa mgonjwa. Lakini tuulize: baraza lipi? Katika miji ya pwani baraza ni lile benchi la mawe nje ya nyumba, wanapokaa watu bega kwa bega na kila mmoja ana neno. Enzi za ukoloni ikazuka baraza nyingine, ile ya chifu: mmoja amesimama kwenye kivuli, mia wamekaa juani, na mwisho wanapiga makofi. Mkutano unaoitishwa na ofisa, kwa tarehe anayoitaka ofisa, kwa nyaraka ambazo wananchi hawakuziona kabla, ni baraza ya chifu hata ukipambwa kwa jina la uwajibikaji. Tofauti kati ya baraza hizi mbili iko katika swali moja: nani alikuwa na karatasi kabla ya mkutano kuanza?

Wenzetu wa Mombasa walionyesha jibu. Shirika la haki za binadamu la MUHURI liliwasaidia wakazi wa Changamwe kupata nyaraka za miradi ya Mfuko wa Maendeleo ya Maeneo Bunge, CDF. Wakazi wakajifunza kuzisoma, wakaenda kuikagua miradi kwa macho yao, ndipo wakaitisha mkutano wa hadhara wakiwa na hoja mkononi. Karatasi kwanza, mguu wa pili, mkutano wa mwisho. Sisi huanza na mkutano na kuishia kwenye mkutano.

Wapo watakaosema kwamba mwanakijiji haelewi bajeti. Msemaji wa hoja hii aende sokoni Malaba au Busia. Atamkuta mama anayenunua kwa shilingi ya Kenya na kuuza kwa shilingi ya Uganda, anayejua asubuhi na jioni thamani imepanda au imeshuka kiasi gani, na hana daftari. Mama huyo hawezi kushindwa na hesabu ya mabati. Anashindwa na lugha ya ripoti.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, na sitaki kuipita kwa kejeli. Wanasema jamii iliyotoka kwenye machafuko ina majeraha. Ukisoma hadharani nani kapata nini, unawasha wivu na uhasama. Ni kweli kwamba wapo walengwa wanaohitaji kufichwa: waliobakwa, waliosalimisha silaha na wanaoogopa kulipiziwa kisasi. Majina ya hao yasitajwe. Lakini kuficha jina si sawa na kuficha idadi, kigezo na tarehe. Hayo yote yanaweza kutangazwa bila kumtaja mtu. Tena siri haijawahi kuzuia wivu. Siri huzaa uvumi, na uvumi hauna idadi wala kigezo. Kijana wa Karamoja aliyeacha uvamizi wa ng'ombe kisha akasikia kwamba mabati ya kwao yako juu ya mbuzi wa waziri, amefundishwa nini kuhusu amani? Amefundishwa kwamba anayechukua hupata na anayesalimisha husahaulika. Hapo programu ya kutuliza jamii imefanya kazi ya kuichafua.

Kuhusu lugha, tusidanganyane. Katiba yetu, tangu marekebisho ya mwaka 2005, inakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likapitisha tena azimio la kukitumia. Bado ripoti hatuioni. Sidai kwamba Kiswahili kichukue nafasi ya lugha za nyumbani. Nagongera isomewe kwa Dhopadhola, kwenye Waiteso isomwe kwa Kiteso, Busia kwa Kisamia. Kiswahili kina kazi yake hapa mpakani: ndicho kinachomwezesha Mjapadhola, Mteso na Msamia kulinganisha hesabu zao, na kumwuliza jirani wa Busia ya Kenya wao wamepata nini na kwa njia gani. Wanaoiba hupenda tusilinganishe.

Kwa hiyo ninadai mambo matatu. Kwanza, hakuna mzigo wala fedha inayogawiwa katika parishi kabla idadi, kigezo na tarehe havijabandikwa ukutani na kusomwa kwa lugha ya mahali pale, walau wiki mbili kabla. Pili, kila lalamiko lipewe namba na siku ya mwisho ya kujibiwa, na jibu lisomwe mbele ya watu wale wale walioliskia lalamiko. Tatu, programu mpya isifunguliwe mahali ambapo ya zamani haijaeleza hadharani ilikosea wapi. Sheria haitukatazi, Uganda ina sheria ya haki ya kupata habari tangu mwaka 2005, miaka 11 kabla ya Kenya.

Jambo hili ni la sasa. Februari 2022 serikali ilizindua Mpango wa Maendeleo wa Parishi huko Kibuku, hapa hapa Bukedi, na kila parishi inatengewa shilingi milioni 100 kwa mwaka. Fedha hizo zinapita karibu na madirisha ya madarasa yetu. Ama tutasubiri Mkaguzi Mkuu atuambie baada ya miaka 10 zilikwenda wapi, ama tutaanza leo.

Sisi tunaosoma Kiswahili hatuwezi kusema hii ni kazi ya wanafunzi wa uhasibu. Kila mwaka tunaandika kazi za tafsiri zinazosomwa na mhadhiri mmoja, kisha zinalala. Ninawaomba wahadhiri waikubali kazi ya aina hii: mwanafunzi achukue muhtasari wa bajeti ya gombolola moja, autafsiri, auandike kwenye karatasi kubwa, aubandike pale watu wanapopita, na arudi baada ya mwezi kuandika maswali aliyoyakuta. Apewe alama kwa tafsiri, na apewe alama zaidi kwa maswali aliyorudi nayo. Wenzangu, gombolola za kuanzia ziko nje ya lango.